Jamvi Lililotoa Jasho

Nianze na hasira zangu, maana zikikaa moyoni zitanitia maradhi. Mwanangu Bushra aliolewa hapa Kismayo na Fuad, mtoto wa Maimuna, na kabla fungate haijaisha akarudishwa kwangu na kifurushi cha nguo, hawezi hata kuinua uso. Kosa lake? Eti kikojozi. Kila asubuhi Maimuna alikuwa akiingia chumbani kwa maharusi, anatia mkono chini ya shuka, anakuta jamvi limelowa. Akatangaza mtaa mzima kwamba kaletewa bibi arusi asiyejizuia. Mtu mzima yule, Makka alishakwenda, anapapasa kitanda cha wanawe! Na kitanda kililaliwa na watu wawili. Mbona Fuad hakuitwa kikojozi?

Jamvi lenyewe lilisukwa na mama yangu mdogo, Bi Barke. Kwetu kisiwani Chovai bibi arusi hutandikiwa jamvi jipya la mafunjo, lililosukwa na mkono wa kwao, na juu yake hulala fungate yote. Barke alijifunza kazi hiyo tangu msichana. Vita vilipotutoa visiwani akaishi Mombasa miaka na miaka, akisuka vikapu vya ukindu huku akivitukana. Aliporudi huku hakuuliza nyumba wala ndugu. Aliuliza kama mafunjo ya Gobweni, pale mto unapoingia baharini, bado yapo. Ndivyo alivyo. Ukilisifu jamvi lake hakwambii ahsante, hukwambia, "Najua."

Aliposikia habari za Bushra alivaa buibui lake kinyume kwa ghadhabu, akataka kwenda kumng'oa Maimuna nywele. Nikamwambia, "Twende pamoja, mama, mimi nitamshika." Tulikuwa tumeshafika mlangoni aliposimama, akamgeukia Bushra.

"Mwanangu, lililowa katikati au lote?"

"Lote, bibi. Hata pembeni. Hata miguuni."

Barke akavua buibui, akakaa chini.

Asubuhi yake akapanda gari la kwenda Gobweni, nami nikamfuata. Mafunjo ya pale ni ya namna mbili, na ni mapacha hasa: yote yampita mtu kwa urefu, yote yana kichwa cha rangi ya kahawa mfano wa mshikaki, na juu ya kichwa mkia mwembamba. Barke akaliinamisha moja, akanionyesha. Funjo la mto, mkia wake huanzia pale pale kichwa kinapoishia. Funjo la chumvi lina kipande cha bua kitupu kati ya kichwa na mkia, kidole chapita. Akapitisha kidole. Akashika jingine, kikapita. Kila aliloshika, kidole kilipita.

"Hapa nilikata tangu ujana wangu," akasema. "Yalikuwa ya mto matupu."

Siku alipokata ya jamvi la Bushra, upepo ulikuwa umeshaangusha vichwa, na majani peke yake hata yeye hayabagui. Akapaamini mahali. Lakini ukame umeupunguza mto, bahari imepanda, na funjo la mto limehamia juu, mbali na chumvi. La chumvi halifai kwa jamvi. Chumvi liliyokunywa hubaki ndani ya jani, usiku likivuta unyevu wa hewa, jamvi hutoa jasho hadi likalowa chapachapa. Kwa Barke lilikuwa juu ya dari ya jikoni, kwenye moshi, likakaa kavu. Kwa Maimuna dirisha linatazama bahari.

Nilimwambia, nami sioni haya, "Mama, usiseme. Tutasema paa lao linavuja."

Akanikazia macho, akajibu kwa lafudhi yetu ya visiwani. "Mvua hakuna, paa livuje nini? Mimi nasuka, nala. Nikisema, sitasuka tena. Lakini huyu mtoto ana jina moya tu."

Tukaenda kwa Maimuna. Barke hakugombana. Alimwomba kitu kimoja: jamvi lile la Bushra, likiwa kavu, alitandaze sakafuni chumbani mwake mwenyewe, afunge mlango, yeye akalale kwingine na ufunguo aufunge kwenye pindo la leso yake. Maimuna akakubali kwa kicheko. Asubuhi tulirudi na majirani wanawake, mlango ukafunguliwa mbele yetu. Barke akalikandamiza jamvi kwa kiganja, akakiinua wote wakione. Kinametameta.

"Hapa hakulala mchu," akasema. "Mai haya ni ya nani?"

Maimuna akaruka. "Kumbe jamvi lako ndilo bovu!"

"Bovu. Nilikata funjo la chumvi, sikutazama kichwa. Kosa ni langu, nalisema mbele ya wachu. Na wewe, Maimuna? Lako liko wapi?"

Maimuna akasema chai inapoa.

Chai! Na sasa nisikilizeni vizuri. Sokoni wanawake wanasema Bi Barke kazeeka, jamvi lake lisinunuliwe. Ulimi wa Maimuna hausemwi na mtu. Yeye kamtuma Fuad kuniambia mwana arudi, yameisha. Yameisha kwa nani? Bushra alimjibu mumewe kwa upole kuliko ambavyo mimi ningeweza: "Mama yako alinitoa kwa mdomo wake. Na aje kwa miguu yake."

Barke alipanda juu zaidi ya mto, akaingia tope hadi magotini, akitia kidole kichwa baada ya kichwa, akasuka jamvi jingine. Fuad huja jioni, tunampa kahawa, anakunywa, anaondoka. Mama yake hajafika. Bushra analala juu ya jamvi lake jipya peke yake, na kila asubuhi hulitoa nje, hulitandaza barazani mbele ya njia, na kila apitaye huitwa aje aliguse.