Ramani ya Wanafunzi Wapya

Wiki ya mapokezi, chuo chetu cha mkoani Dakhiliya kilitundika ukumbini ramani kubwa ya Omani, na kila mwanafunzi mpya akapewa pini aichomeke kwao. Mkuu wa chuo alitaka wageni waone kwa macho kwamba mwaka wa kwanza umekusanya watoto wa kila wilaya. Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Nilijitolea kushika kisanduku cha pini kwa sababu niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba elimu ni nyumba ambayo mlangoni pake hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani.

Walipita wa Sur, wa Bidbid, wa Nizwa. Kisha akaja msichana mwembamba, mweusi kuliko wenzake, akachomeka pini yake Ibra bila kusita. Msimamizi wa mapokezi, ustadhi mwenye sauti ya upole, akamtazama usoni.

"Asili yenu wapi?"

"Ibra, ustadhi."

"Najua mnakaa Ibra. Kabla ya hapo?"

"Baba alizaliwa Bujumbura. Lakini babu yake alitoka Ibra."

Ustadhi akatabasamu. Akaing'oa ile pini, akaichomeka nje ya ramani, kwenye ubao mtupu ulioibeba, chini ya mchoro wa bahari. "Hapa ndipo Afrika. Hivi inapendeza zaidi. Wageni wataona tuna mchanganyiko."

Nyuma yake mvulana mmoja akacheka, akamwita kwa jina wanalobandikwa Waomani wenye asili ya Afrika. "Ya Zinjibari, pasi unayo?"

"Zanzibar sijafika," msichana akamjibu. "Wewe Ibra umefika?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye msichana akanigeukia. Alikuwa amenisikia bwenini nikizungumza Kiswahili na mama kwa simu. "Dada," akaniambia kwa lugha hiyo hiyo, "mwambie basi."

Baba yangu alizaliwa Tabora. Mwaka uliotangulia nami nilichomeka pini yangu Nizwa, na ustadhi huyu huyu akanipongeza, kwa kuwa rangi yangu haikumchokoza mtu. Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo: hawakuwa wakiuliza asili hata kidogo. Walikuwa wakiangalia ngozi, na kuita kule kuangalia kwao mchanganyiko, na kujipongeza.

Nilijua yote hayo pale pale. Nikamjibu kwa Kiarabu, mbele ya watu: "Iache pale alipoichomeka ustadhi."

Hakulia wala hakubishana. Aliing'oa pini mwenyewe, akaiweka kiganjani mwangu. "Haya, dada. Kaa nayo wewe." Akatoka.

Namkasirikia ustadhi kwa upole wake, na yule mvulana kwa mzaha wake. Lakini wao hawakuwa wameapa lolote. Mimi niliyeamini ndiye niliyemsaliti.

Alasiri, mkuu aliwaambia wageni kwamba hakuna mwanafunzi mpya asiyeonekana kwenye ramani ile. Pini ya yule msichana ilikuwa mfukoni mwa abaya yangu. Wageni wakapiga makofi, nami nikapiga pamoja nao.