Mama Aliyetukatia Chuma

Habari ilinifikia pale Nyawera, mjini, nikiwa njiani kwenda kununua bati zito la mlango. Mwenye pikipiki mmoja anayenifahamu aliniambia nisijisumbue kwenda mbele: depo ya chuma imefungwa, yule maman wa chuma amefariki. Nilirudi kwangu Bagira mikono mitupu. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi si mtu wa shule. Wazazi walipokufa nilikuwa mkubwa wa nyumba, nikaacha darasa na kushika mashine ya kuchomelea ili wadogo zangu wale. Ateliye yangu, karakana ndogo, ingali inasimama, na inasimama kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mama huyo. Hatukuwa ndugu, wala hatukutembeleana. Yeye aliuza chuma, mimi nilinunua.

Wauzaji wengine hukuuzia bati zima, au uondoke. Yeye alikuwa na mashine ya kukata pale uani, na alikukatia nusu, ukanda, hata kipande cha ukubwa wa sahani. Msimu mmoja chama cha wakulima wa kahawa wa Minova, kando ya ziwa, kilikwama: silinda ya mashine yao ya kumenya kahawa, iliyotoka ng'ambo, ilikuwa imepasuka. Kipuri kingetoka kule kule, na kahawa mbivu haingoji. Ikilala kwenye magunia inachacha, na kazi ya mwaka mzima inamwagwa shimoni. Waliponipigia simu nilikwenda depo bila matumaini, maana bati la kutengenezea silinda ile sikuwahi kuliona mjini. Aliniona nikiingia.

“Weye, acha kuniletea sura ya matanga,” alisema. “Chuma iko. Sema tu unataka upana gani.”

Alikuwa ameliweka siku nyingi bila mnunuzi, akiwaza kwamba kuna atakayelihitaji. Silinda ya kwanza niliikosea: nilipoijaribu hapo ateliye kwa kahawa kidogo, ikawa inaponda punje. Nilirudi siku hiyo hiyo akanikatia bati lingine, na boti ya kesho yake asubuhi ikapeleka silinda nzuri Minova. Tangu hapo chama kile hakijaagiza tena mashine kutoka nje. Wanaagiza Bagira, na kuna familia kadhaa zinazokula kwa kazi hiyo.

Nimeketi katika mikutano mingi ambapo watu waliosoma wanazungumzia viwanda. Wanataja umeme, barabara, wawekezaji, na wana haki. Lakini sijasikia hata mmoja akimtaja mtu anayeweka chuma karibu na fundi. Chuma kikiwa mbali, fundi anaogopa kujaribu, kwa kuwa kosa moja linamlia wiki nyingi za kungoja, na mteja naye anachoka, anaagiza kitu kilichokwisha kutengenezwa kwingine. Chuma kikiwa karibu, unakosea asubuhi na kurekebisha jioni, na kazi iliyokuwa imehamia nchi za watu inarudi polepole bila hotuba. Mkoa wetu unachimba madini kila siku na kuyasindikiza yakiondoka. Nimechoka kulisema hilo, nanyi mmechoka kulisoma.

Njia zilipofungwa na shehena zikaacha kufika, mfanyabiashara mmoja mkubwa alikuja depo akitaka kubeba mabati yote kwa mara moja, akayafiche hadi bei ipande. Tulikuwa tumesimama pale, mafundi kadhaa, tukijua kwamba akikubaliwa tunafunga ateliye. Mama alimtazama huku akiendelea kufuta miwani yake.

“Papa, ukibeba yote, hawa bafundi bachomelee nini? Ndizi?”

Yule bwana alicheka, akadhani ni mchezo. Aliuziwa sehemu yake kama sisi wengine, akaondoka bila kuaga.

Sasa amerudi. Siku ya matanga tulisikia kwamba amemwendea binti wa marehemu, ambaye ni mwalimu, na kwamba binti anataka kumwachia depo nzima. Tulimwita kando kwa heshima. Mzee mmoja wa kazi yetu alimweleza jinsi mama yake alivyotubeba, na kwamba depo ikifungwa mashine za Minova zitatoka tena ng'ambo. Alisikiliza hadi mwisho.

“Batonton, mama alianguka pale pale mu depo,” alisema, akituita wajomba kwa heshima. “Mukisema aliwasaidia, ni kweli. Nani alimusaidia yeye? Sasa munataka na mimi nikae pale mpaka nianguke?”

Mimi najua swali hilo, maana kwetu nilipobaki mkubwa hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Waliuliza tu chakula kiko wapi. Nilimwambia ana haki, na nikamwomba jambo moja: asimuuzie yule bwana kwanza, tujaribu kupatana sisi mafundi tuinunue depo pamoja na kukaa pale kwa zamu. Akasema atangoja mpaka matanga yaondolewe, kisha atauza kwa atakayekuwa amefika na fedha.

Mafundi kupatana si kazi nyepesi. Tunanyang'anyana wateja kila wiki, na wawili kati yetu hawasalimiani. Lakini hili ndilo mama huyu ameniachia: tunapotaka vitu vyetu vitengenezwe hapa, tusiuweke mzigo wote mgongoni mwa mtu mmoja mwema, halafu tumlilie akianguka. Jumamosi, kabla matanga hayajaondolewa, tunakutana kwangu Bagira. Nimeazima viti vya parokia, na mmoja wa wale wawili amekubali kuja.