Umeme Unaofika Makunduchi Umechoka

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja ya umeme Mji Mkongwe, bibi muuza samaki wa Makunduchi aliwaka: "Umeme unatufikia umechoka. Friza haigandishi, samaki wanaoza!"

Karani akapanua vidole viwili kuonyesha unene. "Bi mkubwa, tutavuta waya mnene zaidi."

Nikaruka kutoka benchini. "Come on, kaka! Kwa masafa yale mpaka Makunduchi, pandisha volti, umeme haupotei sana njiani. Waya mwembamba na transfoma ya kushushia kule mwisho ni nafuu kuliko waya mnene njia nzima!"

"Unafanya kazi wapi?" karani akauliza.

"Sina kazi. Nna digrii ya umeme."

Akacheka. Bibi akanikamata mkono: "Twende kwa mkubwa wake, ukamwambie hayo hayo."

Wallahi, nilipanda ngazi za kwenda kwa huyo mkubwa nikiwa mhandisi kwa mara ya kwanza, na aliyeniajiri ni muuza samaki.