Kumbikumbi Kwenye Rangi Mbichi

Waliosema mganga hajigangi lazima walipita kwetu kwanza. Baba yangu alikuwa fundi rangi, tena fundi wa kuitwa, si wa kujiita. Alipaka madarasa, maduka, zahanati na mageti ya matajiri wanaobadilisha mawazo rangi ikiwa bado kwenye ndoo. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa plasta tupu, ya kijivu, tangu nizaliwe. Watu wakielekezana mtaani walisema, "Nenda moja kwa moja, ukiona nyumba isiyo na rangi, hapo ndipo kwa fundi rangi." Wakacheka. Baba naye alicheka nao. Mama hakucheka.

"Wiki ijayo," baba alimjibu kila alipoulizwa. Kilichoudhi ni kwamba hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa. Asubuhi aliondoka akiimba, jioni alirudi na madoa mapya kwenye viwiko, amechoka, amemfurahisha mwenye nyumba nyingine. Alinukia tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi, hata siku za mapumziko. Hadi leo nikiisikia harufu ile dukani husimama kidogo, muuzaji akadhani nataka kununua.

Mama alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa sebule yetu. Wateja walikaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa, macho yao kwenye ukuta ule ule. Siku moja alikuja mwanamke mmoja aliyeelekezwa kwa baba kwa kazi kubwa ya nyumba mpya. Alifika mlangoni, akautazama ukuta, akaomba radhi kwamba amekosea nyumba. Mama akamwacha aende zake. Baba aliporudi alimwambia bila kupandisha sauti, "Mume wangu, mimi nimechoka kuishi kwenye wiki ijayo." Kesho yake akaenda kwa kaka yake. Mimi nilibaki nimalize muhula, halafu, alisema, tutaona. Niliichukia sana hiyo "tutaona".

Kaka yake huyo, mjomba wangu, alikuwa seremala, na kati ya seremala na fundi rangi hakuna amani ya kudumu. Baba alisema kazi yake kubwa duniani ni kuziba mashimo ya shemeji yake. Mjomba alijibu kwamba milango yake yote hufunguka vizuri mpaka siku baba anapoipaka rangi. Utani huo ulikuwa mtamu mama alipokuwepo kuumwagia maji. Alipoondoka, mjomba aliacha utani. Alituma ujumbe mfupi kwamba Jumapili atakuja na pikapu ya kuazima, yeye na mama, kuchukua cherehani.

Nguo mtu anaweza kuziacha, akazirudia akipoa hasira. Cherehani ikitoka, mama ametoka. Mimi nilikuwa mtoto lakini hilo nililielewa, na baba alilielewa kuliko mimi, maana usiku ule hakula.

Tulianza kazi siku iliyofuata. Nasema tulianza kwa sababu nami nilishika msasa, nikasugua plasta mpaka nywele zikawa nyeupe kama za bibi. Mama alikuwa amechagua rangi yake miaka mingi nyuma: rangi ya siagi, tena ya mafuta, ili ukuta ufutike kwa kitambaa kibichi. Rangi ya mafuta ina uzuri wake na ina kiburi chake. Haitaki kuharakishwa, na msimu wa mvua ndiyo kabisa, inakauka inapotaka. Baba aliijua tabia hiyo kuliko alivyoijua yangu. Lakini Jumapili haikuwa inasubiri.

Jumamosi mchana mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, nzito, ikakata ghafla. Jua likarudi kwa muda wa kuaga tu. Baba alimaliza kupaka sebule mara ya mwisho giza likiingia. Aliacha madirisha wazi hewa ipite, akaacha taa inawaka ili akirudi auone ukuta vizuri kama umebaki na mistari ya brashi, akatoka uani kuosha vifaa. Fundi rangi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Mvua ya kwanza, madirisha wazi, taa inawaka, rangi mbichi! Angemkuta kijana wake wa kazi amefanya hivyo, angemfukuza.

Mimi nilikuwa nje, na nisiseme uongo, ile ilikuwa furaha tupu. Kumbikumbi walitoka ardhini karibu na bomba, kwenye ufa wa ngazi, chini ya mawe ya kufulia, kwanza mmojammoja, kisha kama ardhi inachemka. Walipanda wakatujaa. Waliingia kwenye nywele, kwenye kola, mdomoni kwa aliyecheka sana. Hawaumi, hawang'ati, hawana habari na mtu. Watoto wa jirani walikimbia wamenyoosha mikono, kuku waliokuwa wameshalala waliamka wakala mpaka wakashindwa kutembea. Nilisimama katikati nikafumba macho, nikasikia mabawa yakigusa mashavu yangu, mepesi kabisa. Siku hizi uwanja ule una saruji, na mvua ya kwanza ikinyesha wajukuu zangu wanaangalia simu. Nawaonea huruma, ingawa wao wananionea mimi.

Kisha nikasikia baba anapiga kelele ndani.

Ukuta wa siagi haukuonekana. Waliifuata taa, wakagonga ukuta uliokuwa unang'aa, wakanasa. Mabawa, miili, wengine bado wanajikokota wakichora mistari midogo kwenye rangi. Nilizima taa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Baba alisimama mikono imening'inia.

Asubuhi nilimkuta kwenye ngazi akiwachomoa mmoja baada ya mwingine kwa kijiti cha meno. Kila alipochomoa, aliacha kovu. Kila alipojaribu kulainisha kovu, alifanya doa. Kipande alichokuwa amekishughulikia kilikuwa kibaya kuliko kile walichokiacha kumbikumbi, na hakuona.

Hapo pikapu ikasimama nje.

Mjomba aliingia kwanza, akatazama kuta zote, akasahau kwamba ameacha utani. "Shemeji, hii rangi uliinunua ikiwa na mabawa?"

Baba alishuka ngazi, akamwangalia mama aliyesimama kizingitini na mkoba wake begani. "Nilitaka uikute imekwisha," alisema.

Mama alitazama ukuta kwa muda mrefu. Nilimtazama yeye. Mjomba alikuwa ameshaweka mkono kwenye cherehani, anatafuta pa kuishikia.

"Mbona unawachomoa?" mama akauliza.

"Niwaache?"

"Si wewe uliyenifundisha? Kitu kikinasa kwenye rangi mbichi hakiguswi. Unaacha ikauke, kisha unakifagia, kinatoka chenyewe." Alimnyang'anya kijiti. "Wewe fundi gani? Unaharibu ukuta wangu."

Nilisikia vizuri. Alisema *wangu*.

"Haya, na itakauka lini?" mjomba akauliza, mkono bado kwenye cherehani. "Pikapu ni ya watu."

Baba akafungua mdomo. "Wiki i—" Akalimeza neno. Akawa kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Sijui," akasema. "Kwa unyevu huu, kweli sijui."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na baba, ambaye hakujua kama anachekwa au anasamehewa, akaanza kulia hapohapo na kijiti chake kimeshachukuliwa. Mama akatua mkoba. "Kaka, rudisha gari la watu," alisema. "Rangi ikikauka nitakwambia."

Ilikauka baada ya siku chache. Mama na mimi tuliufagia ukuta kwa ufagio laini, mabawa yakaanguka sakafuni, tukayazoa kwa kipande cha boksi. Msasa ulipita juu juu, baba akapaka tena, madirisha yamefungwa. Hakuna aliyemwambia mjomba. Alipopita mwezi uliofuata aliuliza mlangoni, "Vipi, imekauka?" Mama akajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Bado." Likawa neno la nyumba yetu. Baba akichelewa kurudi, akivunja sahani, akisema tena "wiki ijayo" kuhusu bomba linalovuja, maana hakupona kabisa, mjomba aliuliza, na mama alijibu.

Walizeeka hivyo. Mapafu ya baba, yaliyovuta tapentaini maisha yote, yalimchosha kabla ya wakati. Tulimzika mwaka wa mvua nyingi.

Watu walipotawanyika, mjomba alibaki sebuleni. Alikuwa mzee sasa, anatembea kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. "Mdogo wangu," alimwambia mama kwa upole, "umebaki peke yako hapa. Twende kwangu. Chumba kipo. Cherehani tutaibeba."

Mama aliinuka, akaweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo.

"Bado, kaka," alisema. "Haijakauka."

Mjomba alimtazama. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukuta. Aliichukua taratibu, akailaza sakafuni, isije ikagusa rangi mbichi.