Karatasi Haikukaa Kiti cha Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Johannesburg ikiwa imeganda kwenye vioo vya magari, nilipowabeba wanawake saba kutoka Berea kwenda Kensington ndani ya gari ambalo moyoni nilijua si zima. Sasa nimevuka hamsini. Nimefanya makosa mengine mengi, na mengi yake huyasimulia nikicheka. Hili sijawahi kulisimulia nikicheka. Leo nakuandikia jambo baada ya jambo, kwa sababu nimesikia kwamba na wewe umeanza kubeba abiria. Najua Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma. Soma polepole, mimi sina haraka.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimetoka Tanga miaka minne nyuma. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha muda na nilikuwa nikisubiri kipya, kwa hiyo gari nililonunua, gari la abiria wanane, liliandikishwa kwa jina la jirani yangu Themba, mwenyeji wa hapa. Wengi wetu tulifanya hivyo. Themba alikuwa mtu mwaminifu, na katika habari hii hana kosa hata moja. Nataka ulijue hilo mapema.

Abiria wangu walikuwa wasusi, wote kutoka upande wa Bukavu. Kila asubuhi niliwachukua mbele ya ghorofa lao Berea na kuwashusha kwenye saluni zao kando ya barabara kuu ya Kensington. Mkubwa wao alikuwa Mama Nsimire, mjane mnene mwenye sauti ya chini, ambaye daima alikaa kiti cha nyuma kabisa kwa sababu, alisema, wasichana wakikaa nyuma wanalala na kusahau vikapu vyao. Mdogo wao alikuwa Riziki, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuongea.

Siku moja Themba aligonga mlango wangu akiwa na barua.

"Eish, bafo, ndugu yangu, gari lako linaitwa," alisema.

"Linaitwa na nani?"

"Na waliolitengeneza. Wanasema linaweza kuwaka moto." Alisema hivyo kama mtu anayekuambia kwamba kesho kutakuwa na upepo.

Niliisoma barua ile mara mbili, kamusi ikiwa mkononi. Sikusoma ufundi shuleni. Nilijifundisha kwa kitabu kikuukuu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, na nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu daftarini: siku niliyojaza petroli, lita ngapi, umbali niliotembea. Kwa hiyo nilielewa walichoandika. Juu ya tanki la petroli, chini ya kiti cha nyuma, kuna pampu, na pampu ile hushikwa na mfuniko wa plastiki ngumu. Mfuniko wa magari ya aina ile ulikuwa ukipata ufa. Petroli ingeweza kuvuja, na ikikutana na cheche ingewaka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasikia harufu ya petroli garini mara moja moja, nikaipuuza. Mwenye gari alipeleke kwa wakala wao, Midrand, libadilishwe kifaa bila malipo.

Mwenye gari. Nilikwama kwenye maneno hayo. Kwenye karatasi, mwenye gari alikuwa Themba. Nilijiona nikisimama mbele ya meza, nikiulizwa kitambulisho, nikiulizwa kwa nini mtu mwenye jina lile ana ndevu hizi na Kiingereza hiki. Basi nikamwomba Themba aende yeye. Alikuwa akifanya kazi ghalani huko huko Midrand, kwa zamu, na kila safari ilimlazimu kumbembeleza msimamizi wake ampe ruhusa. Mimi niliendesha hadi kwenye lango la wakala, nikampa usukani, nikabaki nje ukutani pamoja na watu wanaouza sigara na vitambaa vya kufutia vioo.

Mara ya kwanza walimwambia kifaa hakijafika, arudi baada ya wiki nne. Baada ya wiki nne kifaa kilikuwa kimefika, ila cha gari la toleo jingine. Mara ya tatu walilishika gari kutwa nzima. Jioni Themba alitoka nalo akitabasamu, akanipa karatasi yenye muhuri wa buluu: kazi imefanyika.

Mwanangu, nilifurahi kupita kiasi. Nadhani furaha ile ilikuwa ya mtu aliyekwepa kuulizwa maswali, zaidi ya furaha ya mtu ambaye gari lake limepona. Nikaipeleka karatasi dukani ikafunikwa plastiki, nikaibandika kwenye kioo cha mbele kama cheti cha ndoa.

Siku ya nne harufu ikarudi.

Haikuwa kali. Ilikuwa kama chumba ambacho mtu amefua nguo kwa petroli jana yake. Wasusi waliisikia kabla yangu.

"Papa, hii motokari yako iko inanuka esansi," alisema Riziki, kwa maana kwao baba ni papa na petroli ni esansi. "Tutafika kazini wateja waseme tumeoga kwenye stesheni ya esansi."

"Imeshatengenezwa," nikasema, nikaigonga karatasi kwa kidole. "Soma pale."

"Nisome Kiingereza? Mimi nilikuja hapa kusuka."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na jambo likaisha. Wiki iliyofuata walisema tena, nikaigonga karatasi tena. Mama Nsimire hakusema kitu. Alianza kukaa na ncha ya kitenge puani, na dirisha lake wazi hata wakati wa baridi, mpaka wasichana walipomlalamikia.

Sasa nakuambia sehemu nzito. Mimi nilijua. Daftari langu lilikuwa linajua. Pembeni ya tarehe nilikuwa nimeandika neno "harufu" mara sita, na mara zote sita zilikuwa siku niliyojaza tanki au siku iliyofuata. Tanki likiwa nusu, harufu hakuna. Mtu aliyesoma kitabu changu kile hahitaji kuambiwa maana yake: petroli inavuja juu ya tanki, mahali hasa ambapo barua ilisema. Nilitazama safu ile ya maneno sita jioni moja, nikafunga daftari, nikajiambia kwamba wakala ana mitambo na mimi nina kalamu. Na nilimfikiria Themba, na msimamizi wake, na ruhusa ya nne. Niliona aibu kumwomba.

Tufike kwenye ile asubuhi ya Julai. Nilikuwa nimejaza tanki nilipoanza safari. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa kwa baridi. Riziki alikaa nyuma karibu na Mama Nsimire, akimmalizia mwenzake Furaha nywele, kwa sababu Furaha alikuwa amealikwa harusini mchana. Wasusi, kama unavyojua, wakimaliza kusuka rasta za nywele bandia huzichoma ncha kidogo kwa moto ili zisifumuke. Kazi hiyo huifanya kwa kiberiti cha gesi, upesi upesi, bila kufikiri, kama wewe unavyofunga kamba za viatu.

Tulikuwa tumesimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, ikiwa nyekundu. Nilisikia kelele nyuma, kisha kofi, kisha sauti ya Mama Nsimire ambayo sikuwahi kuisikia imepanda.

"Weye! Leta hapa! Leta!"

Niligeuka. Alikuwa ameushika mkono wa Riziki kwa mikono yake yote miwili, na kiberiti kilikuwa ndani ya ngumi ya msichana, bado hakijawashwa. Riziki alikuwa akicheka kwa mshangao.

"Mama, ni ncha tu! Sekunde mbili!"

"Papa, fungua mlango. Shukeni. Wote shukeni."

Nilivuka taa nikasimama kando ya barabara. Walishuka, wakakusanyika kwenye majani makavu wakiwa na vikapu na masanduku ya nywele bandia, na mvuke ukitoka vinywani. Nilishuka na mimi. Nilikuwa na hasira, mwanangu, hasira ya mtu aliyefumaniwa. Nikaibandua karatasi yangu kwenye kioo nikamwonyesha Mama Nsimire mbele ya wote. Nikasema kuna muhuri. Nikasema mafundi wa kampuni yenyewe wameitia sahihi. Nikasema asinitishie abiria.

Hakuitazama. Alinitazama mimi.

"Hiyo karatasi ilikaa kiti cha nyuma siku gani?" aliuliza. "Mimi nilikaa. Miezi miwili nimekaa. Nilinyamaza kwa sababu weye ni mtu wa vitabu, nikasema, huyu papa anajua. Sasa uniambie hapa mbele ya hawa watoto. Unajua, ao haujui?"

Sikuweza kusema sijui. Magari yalipita. Riziki aliacha kucheka. Alikitazama kiberiti mkononi mwake, akakiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Najua," nikasema.

Mama Nsimire alitikisa kichwa mara moja. Akajifunga kitenge upya, akachukua kikapu chake na cha Riziki, akaanza kutembea kuelekea Kensington, na wale sita wakamfuata. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Walipopotea kwenye kona niling'oa kiti cha nyuma. Chini yake pana kifuniko cha bati chenye skrubu nne. Kilikuwa na vumbi la miaka, na skrubu zilikuwa na kutu isiyoguswa. Hakuna fundi aliyewahi kukifungua. Nilikifungua. Petroli ilikuwa imetuama juu ya tanki, kiasi cha kikombe, na ufa kwenye plastiki ulikuwa mrefu kama kidole changu hiki.

Nilipiga picha kwa simu. Gari sikuliwasha tena. Nilipanda teksi hadi Midrand peke yangu, na mara hii nilipita langoni. Nilipoitwa mezani niliweka daftari wazi mbele ya karani, kijana mpole mwenye macho ya kuchoka, nikaanza na kile nilichokiogopa.

"Gari hili halina jina langu, lakini mimi ndiye ninayeliendesha."

"Nipe namba ya chesisi," akasema.

Nikampa. Akaandika. Nikasubiri aulize kitambulisho. Hakuuliza, siku ile wala siku nyingine. Hofu iliyoniweka ukutani mara tatu haikuwa na mtu upande wa pili.

Nilimweleza: harufu huja tanki likijaa, huanzia kiti cha nyuma, skrubu hazijaguswa, picha hizi hapa. Alimwita fundi mkuu. Fundi alisoma safu yangu ya maneno sita kwa kidole, kisha akaniuliza swali ambalo bado nalibeba: "Mbona hukutuambia hivi tangu mwanzo? Yule mwenzako alisema tu amekuja kwa ajili ya ile barua." Themba angewaambia nini? Hajawahi kulipanda gari lile tanki likiwa limejaa. Karatasi yao walikuwa wamepiga muhuri kwa kazi ambayo hawakuifanya, na hilo ni kosa lao, walilikiri na wakaomba radhi. Lakini mtu pekee aliyejua pa kutazama alikuwa nje, amesimama na wauza sigara.

Walituma gari la kuvuta. Kifaa kilikosekana tena. Nilisubiri wiki tano. Nilipigiwa simu na kuahidiwa na kuahirishiwa, na kila Jumatatu nilikwenda mwenyewe, nikasimama mezani, nikauliza. Siku waliyokifunga niliomba kusimama karibu nikaona kwa macho yangu. Kisha nikajaza tanki hadi juu, nikafunga vioo, nikakaa kiti cha nyuma kwa saa nzima.

Nilikwenda Berea kuwaomba msamaha. Wasichana walirudi garini wiki hiyo hiyo, Riziki akiwa wa kwanza. Mama Nsimire alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. Siku hiyo hakuniita papa. "Kabisa. Ila sitapanda."

Na hakupanda. Kwa miaka miwili, kila asubuhi, nilimpita akitembea kando ya barabara na kikapu chake, naye alinipungia mkono kwa upole, na mimi nikampungia. Sijawahi kupewa adhabu iliyo ndefu kuliko ile.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi ili usiitafute. Gari lako likiitwa na waliolitengeneza, lipeleke mwenyewe, hata kama kadi ya gari ina jina la mwingine, hata kama Kiingereza kinakukwama, kwa sababu anayeliendesha ndiye mwenye habari zake. Wakikwambia kifaa hakijafika, rudi; wakikwambia tena, rudi tena, na usione aibu. Wakikupa karatasi yenye muhuri, ipokee kwa heshima, kisha ufungue kiti utazame. Anayekaa nyuma akikwambia kitu kinanuka, usimjibu kwa karatasi. Simamisha gari, uende ukakae pale alipokaa. Na kama umeshajua, mwanangu, usibebe mtu hata mmoja kwa tumaini kwamba leo hakitatokea kitu. Kwetu sisi hakikutokea kwa sababu mikono ya mwanamke mmoja ilikuwa myepesi. Sikustahili hilo, na sijui wewe utakuwa na nani kiti cha nyuma.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akupe masikio ya kuwasikia unaowabeba na ulimi wa kukiri mapema. Kila utakayempakia asubuhi, akujaalie umfikishe salama, na jioni umrudishe kwa watu wake akiwa mzima. Amina.