Baruti ya Jaspal

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa sweta. Duka la bunduki lilikuwa Thornton Heath, na chumba cha kupakia risasi kilikuwa nyuma yake. Fundi mkuu, Mwingereza mfupi mwenye miwani mizito, alinisimamisha mlangoni.

"Sufu hutoa cheche," alisema. "Humu ndani hakuna sufu, hakuna kiberiti, wala hakuna makopo mawili ya baruti juu ya meza moja. Ukizichanganya, mtu atapoteza vidole."

Nilikuwa kijana wa Unguja niliyefika London na wazazi wangu baada ya Mapinduzi, na kazi nyengine sikuwa nayo.

Wapiga shabaha wa mashindano hawakuridhika na risasi za kiwandani. Walitaka zipakiwe kwa mkono, zilingane zote. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, unalisafisha na kulirudisha umbo lake, unatia kwenye kitako fataki mpya ya kuwashia, unapima baruti, kisha unakaza kichwa cha risasi juu yake. Hayo hujifunzwa upesi. Kuchagua baruti ndiko kulikomfanya mtu aitwe fundi. Ipo inayoungua haraka na ipo ya polepole. Ipo safi na ipo inayoacha masizi. Tulianza na kipimo cha chini kabisa walichoandika watengenezaji, tukapanda kidogo kidogo, tukipiga mbele ya kipima kasi, chombo kinachoonyesha risasi imekwenda mbio kiasi gani. Mbio zikitofautiana mno, baruti hiyo tuliiacha.

Miaka ikapita, nikawa wa pili kwa fundi mkuu. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja, daktari wa meno, bingwa wa bastola wa klabu yake. "Mpeni Maulidi," alikuwa akisema kila akileta maganda yake, nami nikipita dukani kifua mbele.

Ndipo akaja Jaspal, kalasinga wa Nairobi, mcheshi, Kiswahili chake cha mtaani.

"Mzee, mimi nimekuja tusaidiane tu," aliniambia, na mimi simzidi umri hata kidogo.

Haukupita muda meneja akawa anamwita yeye kwa jina, na mimi ananiita "yule mwenzako". Jaspal akicheka na mteja, nilihisi ananicheka mimi. Hata chai aliyonitengenezea niliinywa kwa kisirani, khasa kwa kuwa ilikuwa nzuri.

Mama daktari alipochaguliwa kushindania ubingwa wa nchi, meneja alituita sote wawili.

"Kila mmoja alete baruti yake," alisema. "Tutapima."

Mimi nilichagua ya haraka, inayotiwa kidogo tu ndani ya ganda, isiyorusha mkono. Jaspal alichagua nyepesi, yenye kujaza ganda karibu lote. Kwenye ukumbi wa klabu, fundi mkuu alimtaka mama ainamishe bastola kabla ya kupiga, mara nyengine aiinue, ili baruti isogee mbele au nyuma ndani ya ganda. Karatasi ya shabaha ya risasi zangu ilipendeza zaidi, matundu yameshikana. Lakini mbio za risasi zangu zilibadilika kila bastola ilipoinamishwa. Za Jaspal hazikutikisika.

"Yako nzuri, Maulidi," fundi mkuu alisema. "Lakini mtu akikosea akatia baruti ya Jaspal mara mbili, itamwagika nje ya ganda, ataiona. Yako itanyamaza mpaka bastola ipasuke."

"Mimi sijapata kukosea."

"Ndiyo maana naogopa."

Mama daktari akamgeukia Jaspal. "Nipakie wewe."

Siku ya mashindano nilikaa nyuma ya watazamaji nikimwombea akose. Hakukosa. Alipotoka na ubingwa wake, alivua medali akamvisha Jaspal mbele ya watu wote. Mimi alinipa mkono.

Baadaye sheria ikapiga marufuku bastola. Wateja wakasalimisha zao, wengine machozi yakiwalenga, na chumba chetu kikafungwa. Jaspal akapata kazi ya bohari huko Hayes. Mimi nilibakia dukani nikiuza viatu vya kuwindia mpaka nilipostaafu.

Juzi nilikwenda Hayes kumtembelea. Mjukuu wake alinifungulia mlango, nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Medali imetundikwa juu ya televisheni. Jaspal aliniona ninavyoitazama, akainuka kwa taabu, akaitungua.

"Chukua, mzee. Mimi nilijua unaitaka tangu siku ile."

"Itundike," nikamwambia. Niliitaka kwa mkono wa yule mama, si kwa mkono wake.

Vijana wakiniuliza siku hizi baruti ya nani ilikuwa bora, huwaambia kweli: ya Jaspal. Nimemwambia mke wangu, nimewaambia wanangu, na sasa nakwambieni nyinyi. Yeye mwenyewe bado sijamwambia, na ile siku ya Hayes nilikunywa chai vikombe viwili, nikaaga, nikapanda basi.