Majani Manne kwa Neno Moja

Tarehe tisa mwezi wa nne mwaka huu dada yangu Odeta alifariki Norwei, akazikwa huko huko. Tangu siku hiyo harufu ya tumbaku inanichosha. Mtu akipita na mzigo wake hapa Isevya, mjini Tabora, ninapoishi, narudi kwetu Ulyankulu, ndani ya bani letu la kukaushia, nikiwa na miaka kumi, vidole vyeusi kwa gundi ya majani mabichi.

Msimu ule Odeta alikuwa ameposwa na kijana wa kwetu aliyekwisha kuhamia Norwei. Kijana alituma daftari la maneno ya huko, marefu ajabu, ili dada ayajue kabla ya kusafiri peke yake. Tulijifunza huku tukifunga majani kwenye vijiti. Mimi nilimsomea, yeye alilaza jani moja kwa kila silabi. Barnehage: bar, ne, ha, ge, majani manne. Kisha aliyafunga mawili mawili: barne, watoto, hage, bustani. "Bustani ya watoto," alisema. "Ndiyo chekechea yao. Usikate neno kwa sauti tu, Anisia, utabaki na vipande visivyo na mtu ndani."

Mama alituchungulia. "Mnafunga tumbaku au mnafunga Kizungu? Kijiti hiki kina majani matatu tu!"

"Hicho ni cha wagonjwa, mama," Odeta akajibu. Lilikuwa neno sykehus: sy, ke, hus, nyumba ya wagonjwa, yaani hospitali.

Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Basi kiponyeni upesi, tukianike."

Nilicheka nao, lakini nilikuwa nimeshaelewa kwamba akiyamaliza maneno yale ataondoka. Asubuhi ya safari nilichomoa daftari mkobani mwake, nikalisukuma ndani ya robota la tumbaku lililosubiri kwenda sokoni. Niliamini bila daftari hatakwenda. Walilitafuta mpaka gari la kumpeleka stesheni ya Tabora likapiga honi. Akaenda. Robota likauzwa.

Miaka yote alinisimulia kwenye simu jinsi alivyosimama mbele ya vibao wiki za kwanza, akiona aibu kuuliza mlango upi ni wa nini. Alisimulia akicheka. Nami nilicheka. Sikumwambia.

Siku hizi kwetu hakuna anayelima tumbaku, na bani limeanguka. Jumapili iliyopita binti yake alipiga simu. Amezaliwa kule, Kiswahili chake ni kidogo. "Mama mdogo," alisema, "niambie kitu cha mama, wakati yeye msichana."

Nikamwambia habari ya daftari, yote, kwa haraka.

"Sijaelewa. Sema polepole."

Nikaweka mkono juu ya meza, nikagonga kidole kwa kila kipande: ni-li-fi-cha daf-ta-ri la-ke.

Akavirudia vipande kimoja kimoja, kisha akaviunganisha.

"Nimeelewa, mama mdogo," akasema.